Mvukuto Chini ya Boneti: Supachaja, Gari Dogo na Suala la Istilahi

Gari dogo linalovuka kwa feri ya Likoni hukabiliwa na majaribu mawili. Kwanza, hukaa kwenye foleni injini ikinguruma mahali pamoja. Upepo haupiti katika rejeta, na joto la Mombasa, ambalo mwezi Machi hupita nyuzi 30, hujirundika chini ya boneti. Pili, feri inapotia gati, gari hilo hilo hutakiwa kupanda mwinuko likiwa na abiria watano na mizigo yao, ilhali injini ingali katika mizunguko ya chini. Hapo ndipo unyonge wa injini ndogo hudhihirika. Kifaa kimojawapo kilichobuniwa ili kuondoa unyonge huo ndicho mafundi wa Likoni, Kisauni na Changamwe hukiita supachaja. Makala haya yananuia kueleza kifaa hicho hufanyaje kazi, kwa nini kukipachika ndani ya boneti finyu ni kazi ya kutoa jasho, na kwa nini jina lake ni suala linalomhusu mwanafunzi wa Kiswahili kama linavyomhusu fundi.

Injini ya petroli hula hewa zaidi kuliko inavyokunywa mafuta. Ili kuunguza vyema gramu 1 ya petroli, huhitaji takriban gramu 14.7 za hewa. Injini ya lita 1.2 inayozunguka mara 3,000 kwa dakika haiwezi kuvuta zaidi ya lita 1,800 za hewa kwa dakika hiyo, kwa kuwa kila silinda huvuta pumzi mara moja katika kila mizunguko miwili. Huo ndio mpaka wake. Kumwaga petroli zaidi hakusaidii lolote ikiwa hewa haijaongezeka. Moshi mweusi ndio utakaotoka. Kwa hiyo mtu anayetaka nguvu zaidi ana njia mbili: aipanue injini, au ailazimishe ile ndogo kumeza hewa nyingi kuliko ambayo ingeivuta yenyewe. Supachaja ni njia ya pili. Ni pampu inayozungushwa na injini kwa mkanda, nayo huisukuma hewa ndani ya silinda kwa shinikizo.

Kanuni hii si ngeni pwani. Mhunzi alipotaka chuma kilainike, hakuongeza makaa peke yake, alivukuta. Mvukuto uliupelekea moto hewa ambayo usingeipata wenyewe, na makaa yale yale yakatoa joto kubwa zaidi. Al-Idrisi, mwanajiografia wa karne ya 12, aliwataja watu wa Mombasa kuwa wachimbaji wa chuma, na palipo chuma hapakosi mvukuto. Ajabu ni kwamba supachaja nayo ina nasaba hiyo hiyo. Ndugu wawili wa Marekani, Philander na Francis Roots, walisajili hataza ya mashine yao ya kupuliza hewa mwaka 1860, na matumizi yake ya awali yalikuwa katika tanuri za kuyeyushia chuma. Gottlieb Daimler alisajili wazo la kuisukumia injini hewa mwaka 1885, na mwaka 1921 kampuni ya Mercedes ikaonyesha magari yenye pampu ya namna hiyo. Kwa maneno mengine, kilichomo chini ya boneti ni mvukuto wa mhunzi uliohama kazi.

Tatizo ni kwamba jina linalotumika halisemi hivyo. Katika Kiswahili cha leo, chaja ni kile kidude cha kutilia simu umeme. Msikilizaji asiyejua asili ya neno hili katika Kiingereza, ambamo linahusu kushindilia, hulipokea supachaja kama chaja iliyo kubwa: kifaa cha umeme kinachoongeza nguvu kwa namna isiyoelezeka. Dhana hiyo ina gharama. Kuna vipanka vidogo vya volti 12 ambavyo wafanyabiashara wa nchi mbalimbali huviuza kwa jina hilo, vikidaiwa kuongeza nguvu vinapochomekwa katika bomba la kuingizia hewa. Hesabu haiviungi mkono. Kuisukumia injini ya lita 1.2 hewa yenye shinikizo mara 1.5 ya kawaida, katika mizunguko ya juu, hudai kilowati kadhaa. Altaneta ya gari dogo huzalisha takriban kilowati 1 tu, nayo imekwisha kugawiwa taa, redio na betri. Mnunuzi aliyeambiwa kwamba anauziwa mvukuto angeuliza swali ambalo mnunuzi wa chaja haulizi: nani anayeuvukuta?

Swali hilo ndilo ufunguo wa kuielewa boneti yenyewe. Katika magari mengi madogo yanayovutwa na magurudumu ya mbele, injini hulazwa kwa upana wa gari, gia boksi ikiwa ubavuni mwake. Ubavu wa pili ndio wa mikanda. Hapo huwa pamejaa tayari: altaneta, kompresa ya kipoza hewa cha abiria, na mara nyingi pampu ya maji. Kwa kuwa mvukuto huu huzungushwa na mkanda, hauwezi kuwekwa popote palipo na nafasi. Puli yake lazima ikae katika mstari mmoja na puli nyingine, tena mkanda uikumbatie kwa kiasi cha kutosha ili usiteleze. (Puli yenyewe ingeweza kuitwa roda au kapi, kwani mabaharia walikuwa na maneno hayo kabla gari halijafika, kama walivyokuwa na usukani. Usukani ulihama kutoka chomboni hadi garini. Roda ikabaki baharini. Sababu yake ingefaa tasnifu.)

Mstari ukishapatikana, huja suala la kimo na la mtikisiko. Injini haikutulia, huyumba juu ya mipira yake kila gari linapoondoka au kubadili gia, hivyo kifaa kinachoikaribia boneti mno kitaigonga. Nyuma kuna ukuta unaoitenga injini na abiria, mbele kuna rejeta na feni yake. Wako wanaohamishia betri katika buti ili kupata nafasi. Kisha kuna joto, ambalo ndilo adui mkubwa. Hewa ya nyuzi 30 ikigandamizwa hadi mara 1.5 ya shinikizo la kawaida hutoka ikiwa imepita nyuzi 65 hata kama pampu haipotezi chochote, na pampu halisi huipandisha zaidi. Hewa ya moto ni nyepesi, kwa hiyo faida hupungua. Baya zaidi, mchanganyiko wa mafuta na hewa unaweza kulipuka kabla ya wakati wake, na mlio wa kugonga unaosikika hapo ni mlio wa pistoni zinazoharibika. Ndiyo maana mivukuto mingi hufuatishwa na kipoza hewa ya injini, nacho kinadai nafasi katika boneti ile ile ambayo haina.

Mfano uliopo mitaani ni Nissan Note ya aina iitwayo DIG-S, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 2012 na ambayo, chini ya kanuni ya Kenya inayokataza kuingiza gari lililozidi miaka 8, ilipata kuwa miongoni mwa magari yaliyotumika yanayoshushwa bandarini Mombasa. Wahandisi wake waliitatua dhiki ya nafasi mapema: walitumia injini ya silinda 3 badala ya 4. Injini ikawa fupi, na mvukuto ukapata pa kukaa. Injini ya kawaida ya lita 1.2 katika gari hilo hutoa nguvu za farasi 79; yenye mvukuto hutoa 98. Puli ya mvukuto ina klachi ya umeme, hivyo dereva asipohitaji nguvu nyingi mvukuto hukatwa usiibe nguvu ya injini. Dereva anapopanda kutoka feri, hurudishwa kazini.

Hapa ndipo kishawishi huzaliwa. Mwenye Note ya kawaida humwendea fundi akimtaka atoe mvukuto katika gari lililopata ajali na kuufunga katika lake. Kwa jicho, injini hizo mbili ni ndugu. Hata hivyo, ile yenye mvukuto hunyunyiziwa petroli moja kwa moja ndani ya silinda, na kompyuta yake imefundishwa kupima hewa ya ziada. Ya kawaida haina hayo. Mvukuto utafungika, boneti huenda ikafungika pia, lakini injini itapewa hewa bila mafuta yanayolingana nayo, na pistoni ndizo zitakazolipa deni. Fundi mwaminifu hukataa kazi hiyo. Ugumu wake ni kumweleza mteja sababu kwa neno ambalo mteja analisikia kama jina la chaja.

Kwa mintarafu hiyo, inapendekezwa hapa kwamba supachaja iitwe mvukuto wa mkanda, na ndugu yake, turbo, inayozungushwa na moshi unaotoka injini, iitwe mvukuto wa moshi. Majina haya yana faida moja ambayo yale ya mkopo hayana: yanamwonyesha mtu mahali pa kutazama. Wa mkanda utafutwe upande wa puli; wa moshi utafutwe penye bomba la moshi. Bila shaka patakuwa na pingamizi. Istilahi nyingi zimebuniwa katika afisi na kufia vitabuni. Tarakilishi hufundishwa shuleni, lakini mtaani kompyuta ndiyo inayotawala. Pingamizi hilo ni la haki, na halijibiwi kwa kumlazimisha fundi aache supachaja. Yamkini maneno yote mawili yataishi pamoja, moja la kuagizia kipuri dukani, jingine la kumfafanulia mteja.

Wapo pia watakaouliza ikiwa mvukuto wa umeme hauwezekani kamwe. Unawezekana. Audi iliutia katika SQ7 mwaka 2016, ukisaidiana na mivukuto miwili ya moshi. Lakini ili uzunguke, gari hilo lilibidi kupewa mfumo wa umeme wa volti 48.