Mtoto Atalala Wapi?

Kila mwaka, vakansi kubwa zikianza, wazazi wanakuja misioni na neno moja: «Padri, mtoto amemaliza primere. Tumpeleke wapi?» Kijijini sekondari hakuna, ao iko mbali. Basi mtoto wa miaka kumi na miwili atatoka kwa mama yake, atalala pengine. Padri na katekista ndio wanaoombwa shauri kwanza. Kwa hiyo tumeona vema kulieleza jambo hili, hata ninyi ndugu waseminari mpate kujitayarisha.

Tuanze kwa kukiri kosa letu. Miaka kadhaa iliyopita baba mmoja alitujia na mwana wake, kijana mwenye akili, wa kwanza wa kalasi. Seminari ndogo haikuwa mbali, na malipo yake yalikuwa chini ya malipo ya internati nyingine. Tukaandika barua ya kumsifu siku ileile. Mtoto mwenyewe alisimama mlangoni, kofia mkononi. Hatukumwuliza hata neno moja. Mwaka wa pili akarudi nyumbani. Hakuiba, hakugombana na mtu. Hakuwa na wito wa upadri, ni hivi tu. Lakini watu wa kijiji walisema Mungu amemkataa, naye akaacha kuja misa. Tena tulijua nyuma sana kwamba alikuwa na dada yake, aliyemaliza primere mwaka uleule. Huyo alitumwa mjini kwa mjomba. Baba hakutuuliza habari zake, wala sisi hatukumwuliza baba.

Eklezya inafundisha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza. Mtaguso wa Vatikano wa Pili ulisema hivyo mwaka 1965, na Sheria ya Eklezya ya mwaka 1983, katika kanuni 793, inawapa wazazi haki na wajibu wa kuchagua njia zinazofaa kwa malezi ya kikatoliki. Basi padri hachagui pahali pao. Anawasaidia kuona vizuri. Na wazazi wanaopeleka mtoto internati hawatui mzigo wao; wanatafuta mtu wa kuubeba pamoja nao.

Njia ziko nne.

Ya kwanza ni kubaki nyumbani. Kama mtoto aweza kwenda masomoni na kurudi mbele ya giza, mara nyingi njia hii ni bora. Wengine wanadharau masomo ya karibu kwa kuwa hayana jina kubwa. Lakini chakula cha mama na sala ya jioni pamoja na wadogo zake ni malezi yasiyonunuliwa kwa feza.

Ya pili ni nyumba ya jamaa mjini. Undugu ni kitu chema, na gharama ni ndogo. Lakini wazee walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mtoto wa ndugu anachota maji, anapika, anauza sokoni, na anafungua daftari wakati wengine wamelala. Msichana anataabika zaidi, kwani hakuna anayeshangaa kumwona kazini. Wazazi wakichagua njia hii, wapatane mapema na baba na mama wa nyumba: mtoto atalala chumba gani, na nani, atajifunza saa gani, nani atalipa madaftari na dawa. Neno lililosemwa wazi halivunji undugu, linaulinda.

Ya tatu ni internati. Hapa tumkumbuke Don Bosco. Mwaka 1847, huko Torino, yeye na mama yake Margherita walimpokea usiku kijana yatima aliyelowa mvua. Kwa kijana mmoja huyo ilianza nyumba ya kulea wengi. Wana wake Wasalesiani walifika Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1911. Don Bosco alitaka walezi wakae katikati ya watoto, katika mchezo, katika kujifunza na katika chumba cha kulala, wazuie kosa kwa upendo kuliko kungoja na kuliadhibu. Hicho ndicho kipimo chetu. Wazazi wengi wanachagua jina la masomo; sisi tunasema, chagueni walezi. Ni nani anayemlinda mtoto toka kengele ya mwisho ya mchana hata kengele ya asubuhi?

Kwa hiyo msiende kuiona internati asubuhi, wakati kila kitu kimefagiliwa. Nendeni jioni. Tazameni maji, sahani na vitanda. Ulizeni mlezi mmoja anaangalia watoto wangapi, na usiku analala wapi. Mgonjwa anapelekwa wapi. Adhabu ni zipi. Wazazi waweza kuja lini. Kwa wasichana, tazameni kama milango ya vyoo na ya chumba cha kulala inafungwa vema. Mkubwa anayekasirika kwa maswali hayo amekwisha kuwajibu. Ulizeni na feza yote ya mwaka, si ya mwezi wa tisa tu. Masomo ya bure yaliyoanza mwaka 2019 yalihusu primere za serikali, na mtoto anayefukuzwa katikati ya mwaka kwa ajili ya deni anapata haya kubwa.

Ya nne ni seminari ndogo. Stefano Kaoze, padri wa kwanza wa Kongo katika nyakati hizi, aliyepadrishwa Baudouinville mwaka 1917, alisoma kwanza katika seminari ndogo ya Mpala, kando ya Ziwa Tanganyika. Nyumba hizo zimetuzaa wengi, nasi tunazishukuru. Lakini seminari si internati ya bei ndogo. Ni bustani ya kuangalia kama mbegu ya wito iko. Mtaguso, katika hati juu ya malezi ya mapadri, mwaka 1965, ulitaka masomo yake yapangwe hivi kwamba kijana anayechagua maisha mengine aweze kuyaendeleza pengine bila taabu. Basi Eklezya yenyewe inajua kwamba wengine watatoka, wala haiwahesabu kama waliofukuzwa na Mungu. Tuwaambie wazazi hivyo mbele ya kuandika barua, si nyuma.

Tuongeze neno lililo zito. Palipo na watoto wengi mbali na wazazi, mtu mbaya aweza kuingia, hata akivaa kanzu. Kwa barua ya mwaka 2019, Papa Fransisko aliwalazimisha mapadri na watawa wanaopata habari ya mtoto aliyetendewa machafu kuzifikisha upesi kwa mkubwa wa Eklezya. Kunyamaza ili kulinda jina la nyumba si fadhila. Mtoto ajue, mbele ya kuondoka, kwamba aweza kutuambia kila jambo, nasi tutamsadiki.

Ndugu wapenzi, yule mjomba wa mjini hakuwa mtu mwovu. Alimpa mtoto chakula na mkeka. Lakini msichana alikosa masomo siku nyingi kwa kazi za nyumba, na mwaka ulipoisha hakurudi tena kalasini. Hakuna aliyekwenda kumwona. Sisi tulikuwa na piki-piki, na kila mwezi tulipita mjini.

Sasa mzazi akija, tunaweka kalamu chini. Tunauliza: «Una watoto wangapi waliomaliza mwaka huu?» Kisha tunawaita wote, wavulana na wasichana, waingie ndani, wakae kitini, na tunawasikiliza wao kwanza. Barua yaweza kungoja hata kesho.