Miaka 46 ya kuifuata theluji: Habari ya mkulima na kamera yake

Katika nyumba nyingi, mtoto anayeokota mawe, kukusanya majani au kukaa kitako muda mrefu akimtazama mdudu huonekana kuwa anapoteza wakati. Mzazi humwambia aache upuuzi, ashike la maana. Aghalabu mzazi huyo hana nia mbaya. Maisha ni magumu, na kila mtu hupenda kumwona mwanawe akifanya jambo lenye faida. Lakini zipo faida zinazochelewa kuonekana. Habari ya Wilson Bentley, mkulima wa Marekani aliyeanza kupiga picha chembe za theluji mwaka 1885 na kuendelea hadi mwaka 1931, inafaa kusomwa na kila familia yenye mtoto mdadisi.

Bentley alizaliwa tarehe 9 Februari 1865 katika shamba la wazazi wake huko Jericho, jimbo la Vermont, kaskazini mashariki mwa Marekani. Ni sehemu ya vilima na ng'ombe wa maziwa, ambako majira ya baridi ni marefu na theluji hufunika mashamba, njia na mapaa ya nyumba. Sisi ambao theluji tunaijua kwa kuitazama kwa mbali kileleni mwa Kilimanjaro, yafaa tukumbuke kwamba theluji si mvua ya mawe. Fuwele zake hukua mawinguni pale mvuke wa maji unapoganda, kisha hushuka taratibu, nyepesi kama manyoya. Kwa kuwa maji yakiganda hujipanga kwa mpangilio wa pembe sita, fuwele hizo nazo huwa na pande sita au matawi sita.

Mama aliyefungua mlango

Mama yake Bentley aliwahi kuwa mwalimu wa shule. Mwanawe hakwenda shule hadi alipofikia umri wa miaka 14. Kabla ya hapo alisomeshwa nyumbani na mama huyo. Kijana alipotimiza miaka 15, mama alimpa hadubini ya zamani aliyokuwa akiitumia katika kazi ya ualimu. Vijana wenzake walipendelea michezo, yeye akawa anatazama matone ya maji, mawe madogo, manyoya ya ndege, na hatimaye theluji. Alichoona ndani ya hadubini kilimshangaza: kila fuwele ilikuwa na nakshi yake, iliyopangika kana kwamba imechongwa na fundi hodari.

Alijaribu kuzichora. Kwa miaka kadhaa alichora, lakini theluji haingoji. Kabla mkono haujamaliza tawi la tatu, fuwele ilikuwa imekwisha yeyuka, na pambo lile halikuonekana tena. Hapo ndipo alipotamani kamera inayoweza kuunganishwa na hadubini. Gharama yake ilikuwa kiasi cha dola 100, fedha nyingi mno kwa familia ya wakulima wa zama zile. Baba yake hakuona maana ya jambo hilo. Kwake, kazi ilikuwa shamba na ng'ombe. Mama alisimama upande wa mwanawe, na mwishowe kamera ikanunuliwa. Majaribio mengi yaliharibika. Tarehe 15 Januari 1885, dhoruba ikiendelea, Bentley alifanikiwa kupata picha ya fuwele moja ya theluji. Alikuwa hajatimiza miaka 20.

Kazi ya kuzuia pumzi

Kila theluji ilipoanguka, Bentley alitoka nje. Alishika ubao mweusi na kuzipokea chembe, kisha akaingia nazo katika kibanda kisicho na moto wala joto, kwani chumba chenye joto kingeziyeyusha mara moja. Alichagua fuwele aliyoitaka, akaiinua kwa kijiti chembamba cha ufagio, akaiweka juu ya kioo na kuilaza vizuri kwa unyoya. Muda wote huo alizuia pumzi, maana hata pumzi ya mtu ingetosha kuiharibu. Kisha aliielekeza kamera kwenye mwanga wa mchana na kusubiri, wakati mwingine kwa zaidi ya dakika moja, picha ijitie katika kioo. Vidole viliganda kwa baridi, lakini kutetemeka hakukuruhusiwa.

Katika maisha yake alipata picha zaidi ya 5,000 za fuwele za theluji. Ukigawanya kwa miaka, ni kiasi cha picha 110 tu kwa kila majira ya baridi. Huo ndio mwendo wa uraibu wa kweli, yaani jambo alipendalo mtu na kulifanya kando ya kazi inayompa riziki: kidogo kidogo, bila kuacha. Wala hakuyatupa majukumu yake. Aliendelea kuwa mkulima wa ng'ombe wa maziwa katika shamba lile lile alilozaliwa.

Majirani wengi hawakumwelewa, na fedha alizotumia zilizidi sana zile alizopata. Picha zake aliziuza kwa senti chache kwa shule na wataalamu. Mwaka 1903 alipeleka picha 500 katika taasisi ya Smithsonian ya mjini Washington ili zihifadhiwe zisipotee.

Swali la uaminifu

Sifa hazikuja bila lawama. Mtaalamu wa hali ya hewa wa Ujerumani, Gustav Hellmann, alimkosoa kwa kuzishughulikia picha zake. Ni kweli kwamba Bentley alikwangua sehemu ya nyuma ya picha, pembezoni mwa fuwele, ili umbo leupe lionekane wazi juu ya weusi. Ni kweli pia kwamba alichagua zilizo nzuri zaidi, hali ya kuwa theluji nyingi huanguka ikiwa imevunjika au haina ulinganifu. Yeye alijitetea kwamba lengo lake lilikuwa kuonesha umbo lilivyo. Mjadala huo una maana kubwa leo, ambapo simu ya mkononi inaweza kubadili sura ya kitu kwa kugusa kidole. Picha ni ushahidi, na ushahidi ni amana. Kijana anayependa kamera afundishwe mapema kusema alichobadilisha na alichokiacha nje.

Mnamo Novemba 1931 kilitoka kitabu chake, Snow Crystals, alichokitayarisha pamoja na mwanasayansi William J. Humphreys, kikiwa na picha zaidi ya 2,400. Wiki chache baadaye, baada ya kutembea kwa miguu kurudi nyumbani katika dhoruba ya theluji, alishikwa na nimonia. Alifariki tarehe 23 Desemba 1931, akiwa na umri wa miaka 66.

Somo la kufanya nyumbani

Huenda msomaji akasema: kwetu hakuna theluji. Lakini mvua ipo, na Bentley aliichunguza nayo. Alitandaza unga laini wa ngano katika chombo kipana, kina cha kiasi cha sentimita mbili na nusu, akaupitisha kwenye mvua kwa sekunde chache. Kila tone lilifanya kidonge kidogo cha unga. Vidonge vilipokauka alivipima, na kwa njia hiyo akaujua ukubwa wa matone. Makubwa kabisa yalifikia kiasi cha milimita sita. Matokeo hayo aliyachapisha mwaka 1904.

Jambo hilo linaweza kufanyika katika ua wa nyumba yoyote ya Tanga, Mombasa au Kigoma wakati wa masika. Chukueni sinia, unga kidogo, chekeche na rula. Watoto wapime matone ya manyunyu na ya mvua kubwa, waandike tarehe na vipimo katika daftari, na wenye simu wapige picha vidonge vikiwa vimepangwa kwa ukubwa. Unga mkavu uliobaki uchekechwe na kurudishwa jikoni, isiwe israfu.

Kisha mzazi akae karibu, aulize ameona nini, na asikilize jibu hadi mwisho. Mama wa Jericho hakuwa na mali nyingi. Alichokuwa nacho ni hadubini kuukuu na subira ya kumsikiliza mwanawe.