Saa Mbili Angani: Je, Mpanda Ndege ni Msafiri?

Muulize mzee wa Mtabila, katika nyanda za juu za Kasulu, Dar es Salaam iko mbali kiasi gani, naye atakujibu kwa siku, si kwa maili. Ana haki. Burton na mwenziwe Speke walitoka Unguja Juni 1857, wakafika Ujiji Februari 1858: miezi minane, pamoja na kukaa Tabora. Reli ilipofika Kigoma mwaka 1914, mwendo huo, ambao kwa njia ya gari moshi ni kiasi cha kilomita 1,250, ukawa wa siku chache tu. Leo ndege hukata moja kwa moja, kilomita kama 1,080, ikafika kwa saa mbili hivi isipotua njiani.

Mtabila yenyewe imeona ajabu kubwa zaidi. Katika kambi ya wakimbizi iliyofungwa mwishoni mwa 2012, walikuwapo Warundi waliokaa miaka mingi karibu na mpaka wa kwao wasiuvuke, ilhali wengine miongoni mwa waliokimbia 1972 walichukuliwa kwa ndege, kuanzia 2007, wakahamia Marekani.

Basi majumbani mwetu huzuka swali. Mtu aliyeketi kitini saa mbili, asichoke wala asipatwe na vumbi, aweza kupunguza sala?

Maulamaa wa madhehebu ya Imam Shafii walilijibu hili zamani. Imam Nawawi, aliyefariki 1277, ameeleza katika Minhaj kwamba safari ya bahari ni kama ya bara, hata mwendo huo ukikatwa kwa saa moja. Kitazamwacho ni umbali, nao ni marhala mbili, yaani maili 48 za Kihashimi, ambazo wengi wamezikadiria kilomita 80 na zaidi. Basi mwenye kuondoka Kasulu kwa nia ya kwenda Dar es Salaam amekuwa msafiri tangu alipoziacha nyumba za mji, na adhuhuri yake katika uwanja wa ndege wa Kigoma yaweza kuwa rakaa mbili, maadamu hamfuati imamu anayekamilisha. Ama magharibi na alfajiri hazipunguzwi.

Lakini akinuia kukaa Dar siku nne kamili, mbali na siku ya kufika na ya kuondoka, ruhusa hukoma afikapo. Wanaopeleka wagonjwa hospitali husahau sana jambo hili. Anayetazamia haja yake kwisha siku yoyote, huyo ana nafasi mpaka siku 18.

Liko na jambo la jua, nalo kwa mwenye saumu ni zito kuliko la rakaa. Saa za Kigoma na Dar ni moja, lakini jua si moja. Miji hiyo imeachana karibu nyuzi 9.6 za longitudo, na kila uzi mmoja ni dakika nne. Kwa hiyo jua la Dar hutangulia kuchwa kwa dakika kama 38, zikizidi au kupungua kidogo kwa majira. Mathalan, Dar wakifuturu saa 12:25 jioni, Kigoma watangoja mpaka baada ya saa 1:00 usiku. Aliyekula daku Kigoma akaruka kwenda mashariki, siku yake imefupika, naye hufuturu na watu wa Dar bila wasiwasi. Arudiye magharibi siku yake hurefuka. Tena, kwa kuwa yuko juu, aweza kuliona jua dirishani hali watu walio chini yake wamekwisha kuadhini. Huyo asiifuate saa ya mkononi wala adhana ya mji alioupita, bali angoje mpaka jua lizame machoni pake.