Nyumba ya plastiki kwa bustani ya nyumbani: tuchague ipi, tuiweke wapi?



Mvua za Septemba zikisha kuanza, wamama wengi wa makanisa yetu hukata tamaa na nyanya. Majani yanapata madoa meusi, matunda yanaoza yakingali mabichi, na kwa muda wa wiki mbili bustani yote imekwisha. Ni mildiu. Ndiyo maana tunaulizwa kila mara juu ya nyumba za plastiki. Swali ni zuri, lakini plastiki ni ghali, na mara nyingi pesa zenyewe ni za kikundi cha akiba ama za masomo ya watoto. Tukikosea, ni mtoto anayefukuzwa shuleni.

Sisi wenyewe tulikosea mara ya kwanza. Tulijenga chini ya mteremko, karibu na mti wa avoka, tukafunga pande zote tukidhani mboga inatafuta joto. Mimea ilirefuka bila nguvu, maua yakaanguka, maji ya mvua yakaingia kwa chini. Mavuno hayakujaza beseni moja.

Tujue kwanza tunachokitafuta. Ulaya, nyumba kama hii hujengwa hasa kwa kukinga baridi. Kwetu adui ni mvua, kwa sababu mildiu huota juu ya jani lililolowa katika hali ya ubaridi. Basi huku milimani, kama Bukavu au Butembo, paa la plastiki linatosha, pande zikiwa wazi ama zenye wavu. Juu ya paa tuache mwanya wa kutolea joto, maana joto la mchana likipita digrii 35 hivi, maua ya nyanya huanguka bila kuzaa. Kule Uvira, penye joto, plastiki iliyofungwa itapika mimea. Afadhali wavu wa kivuli.

Plastiki iwe angavu, ile iliyotengenezwa kuvumilia jua. Ya kawaida hupasuka mapema. Shitingi za kambini hazipitishi mwanga wa kutosha. Nguzo zaweza kuwa mianzi au miti, lakini tufunge vitambaa mahali plastiki inapogusa ncha kali.

Sasa mahali pa kujenga:

Jua. Tutafute mahali penye jua saa 6 kwa siku au zaidi, mbali na kivuli cha nyumba na miti. Mikaratusi, zaidi ya kivuli, hunyonya maji mengi.

Mteremko. Tusijenge bondeni maji yanapokusanyika. Tuchimbe mfereji upande wa juu.

Upepo. Upande mfupi ndio uelekee upepo mkali, ili paa lising'olewe.

Mwelekeo. Vitabu vingi vya Ulaya hushauri urefu wa nyumba uende mashariki hadi magharibi, kwa ajili ya jua lao la chini wakati wa baridi. Sisi tuko karibu na Ikweta, na jua la mchana hupita karibu na utosi. Hapa tupange mistari kaskazini hadi kusini, ili kivuli cha mstari mmoja kisilale juu ya mwingine siku nzima.

Maji. Hili husahauliwa sana: chini ya paa hakunyeshi tena, kwa hiyo tutamwagilia hata katika majira ya mvua. Tuweke mfereji wa paa na pipa, na tumwagilie shinani, si juu ya majani.

Udongo. Goma, parsele nyingi ziko juu ya lava, pengine ile ya mwaka 2002. Hapo tuleta udongo na mbolea, tupande katika matuta yaliyoinuliwa ama katika mifuko. Majivu ya volkano yakianguka, tuoshe paa, la sivyo mwanga unapungua. Na popote tulipo, tusirudie nyanya katika udongo uleule kila msimu.

Kabla ya kutoa hata franka moja, tusimike vijiti vinne mahali tunapopafikiria. Tuangalie kivuli asubuhi, adhuhuri na jioni. Mvua ikinyesha, tutoke tuone maji yanapita wapi. Sisi hatukufanya hivyo mara ya kwanza. Mara ya pili tulihamia juu ya mteremko, tukajenga padogo, mita 3 kwa 6, pande wazi. Msimu ule tulichuma nyanya mvua ikinyesha.