Kufifisha Mtetemo na Uchangamfu wa Ubao: Istilahi Mbili na Ushahidi wa Newala

Miongoni mwa maneno yanayomsumbua mfasiri wa mambo ya sayansi, yaliyo mazito zaidi ni yale ambayo kila mtu hudhani anayajua. Katika makala hii nakusudia kueleza habari za mawili ya namna hiyo, na mfano wangu wa kwanza nitauchukua mahali ambapo msomaji hakupatazamia, yaani katika ubao wa kutelezea juu ya theluji. Nilipokuwa ng'ambo nikisomea udaktari, mwenzangu mmoja aliniazima mbao mbili kwa zamu, nami nilianguka kwa zote mbili. Hata hivyo tofauti niliitambua. Wa kwanza, ulipopita juu ya theluji iliyoganda, ulitetema hata meno yangu yakagongana. Wa pili ulipita kimya, lakini nilipojaribu kuruka haukunisaidia hata kidogo. Mwenyewe akaniambia kwamba ule wa pili umekufa. Nikajiuliza, sisi tungesemaje?

Ubao wa kushukia milima ambayo haikutengenezwa njia hujengwa kwa matabaka. Ndani mna moyo wa mti, aghalabu popla. Juu na chini ya moyo huo mna vitambaa vya nyuzi za kioo vilivyoshikwa kwa gundi. Chini kabisa mna plastiki ya kutelezea, na pembeni kingo za chuma. Ubao ukigonga theluji ngumu huingiwa na mitetemo ya namna mbili kwa pamoja. Mmoja ni wa polepole: ubao hunepa wote na kurudi, kama ufito uliobebeshwa mzigo. Mwingine ni mdogo na wa haraka, na hukimbia kwenye kingo. Huu wa pili ndio wa hatari, maana ukingo unaotetema huachana na theluji mara nyingi katika sekunde moja, na wakati huo mpandaji hana pa kushikilia. Ule wa kwanza, kinyume chake, ni akiba yake: nguvu aliyoitumia kuukunja ubao hurudishiwa anaporuka.

Kwa sababu hiyo mafundi hutandika mikanda myembamba ya mpira karibu na kingo. Mpira unaponyooshwa na kuachwa haurudishi nguvu yote uliyopewa. Sehemu yake hugeuka joto. Kiasi kinachopotea hutegemea upesi wa mtetemo, na hutegemea baridi pia, kwani mpira uliopoa sana hukakamaa. Nyuzi za kaboni hufanya kazi nyingine: hukaza ubao na kuurudisha upesi bila kuuongezea uzito mwingi. Fundi mwema basi hutafuta ubao unaoupoteza mtetemo wa haraka na kuuacha ule wa polepole. Mpira ukizidi, hula vyote viwili.

Jambo hili lina mfano wake kwetu. Mtu atokaye Masasi kwenda Newala huacha yale majabali ya mviringo nyuma yake na kupanda hadi ukingo wa uwanda wa Wamakonde, ambako bonde la Ruvuma huonekana chini. Mwendesha baiskeli aliyepakia gunia la korosho katika barabara ya udongo, iliyofanya migongo midogo kama bati, anajua dawa ya mtikisiko: hupunguza upepo katika magurudumu. Mikono hupumzika, lakini miguu hulipa, maana gurudumu laini hula nguvu ya pedali kama linavyokula mtikisiko.

Ushahidi ulio bora zaidi ni wa marimba. Dimbila, marimba ya Wamakonde ambayo hujulikana hasa ng'ambo ya Ruvuma upande wa Msumbiji, ina vibao vilivyolazwa juu ya matita ya majani. Na Buganda amadinda hulazwa juu ya vigogo vya migomba. Majani na mgomba ni vitu laini vinavyoua sauti. Mbona basi kibao hulia? Kwa sababu kibao chenye unene sawa, kikigongwa katikati, kina sehemu mbili zisizotikisika, kila moja ikiwa karibu asilimia 22 ya urefu wake kutoka nchani. Ulaini ukiwekwa hapo hauigusi sauti kuu, bali hupunguza kelele nyingine. Ukisogezwa katikati, kibao hutoa kishindo kikavu tu. Kitu kilekile, basi, hulinda sauti au huiua kwa kadiri ya mahali kilipowekwa, kama mpira wa ubao wa theluji.

Sasa tuje kwenye maneno. Wengi watapenda kusema "kuzima mtetemo" na "uzima wa ubao". Tazama linalotokea: neno moja limebeba mauti na uhai pamoja. Asili zake ni mbili. Kivumishi -zima kimetokana na shina la kale -gima, ambalo Kikikuyu kimelihifadhi na g yake; kitenzi zima kimetokana na -dim-. Katika Kiswahili g na d zimekutana katika z mbele ya irabu ile ya i. Tena "ubao mzima" msikilizaji ataelewa kuwa ni ubao usiovunjika, au ubao wote.

Kosa la pili ni la maana. Taa huzimwa mara moja, lakini mtetemo hupungua, kila mpigo ukiwa mdogo kuliko uliotangulia kwa kadiri ileile. Kwa hali hiyo tunalo neno tayari: rangi hufifia, sauti hufifia, mwanga hufifia. Naona kufifisha ndilo neno lifaalo. Kutuliza hakutoshi, kwa maana maji yaliyotulia hayaendi popote, na ubao lazima uende.

Ama kuhusu ile sifa ya pili, napendekeza uchangamfu. Huenda mtu akapinga kwamba uchangamfu ni wa watu tu. Lakini ngoma huchangamka, na soko huchangamka. Wala hatumwiti mchangamfu mtu anayetetemeka, bali yule ambaye, ukimsemesha, hujibu.