Kadaga: Kutoka kiti cha Spika hadi mambo ya mpakani

Lori la mahindi litokalo Jinja kwenda Busia au Malaba hupita karibu na Wanyange na Bugembe, katika nchi ya Wasoga. Huku jina la Rebecca Kadaga halihitaji maelezo. Mfanyabiashara wa Eldoret au Mwanza pengine hamjui, ingawa mwaka 2021 mama huyu alikabidhiwa wizara inayomgusa yeye moja kwa moja.

Kadaga alizaliwa Kamuli tarehe 24 Mei 1956. Alisoma Namasagali, kando ya mto Nile, mahali palipokuwa mwisho wa reli iliyojengwa kutoka Jinja mwaka 1912 kubeba pamba. Biashara ya kuvuka maji na mipaka si ngeni kwao! Alisomea sheria Makerere, na mwaka 1989 akaingia bungeni kuwawakilisha wanawake wa Kamuli.

Baada ya hapo alipanda ngazi moja moja. Mwaka 1996 alikuwa waziri mdogo wa ushirikiano wa kikanda, kisha mawasiliano na usafiri wa anga, kisha shughuli za bunge. Alikuwa Naibu Spika kuanzia 2001, na mwaka 2011 akawa mwanamke wa kwanza kuwa Spika wa Bunge la Uganda. Alikalia kiti hicho miaka kumi.

Tarehe 24 Mei 2021, siku aliyotimiza miaka 65, wabunge walimpa Jacob Oulanyah kura 310, yeye 197. Mwezi uliofuata aliteuliwa Naibu wa Kwanza wa Waziri Mkuu na Waziri wa Mambo ya Afrika Mashariki.

Wapo waliosema amepewa kifuta machozi. Sikubaliani nao sana, ila wizara yenyewe ina mikono mifupi. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, na siku chache baadaye ikayaruhusu kwa masharti mapya ya usajili na vyeti. Waziri wa Uganda anaweza kulalamika katika Baraza la Mawaziri la Jumuiya, lakini huko mambo hupitishwa kwa wote kukubaliana. Mpaka wa Katuna uliofungwa Februari 2019 ulifunguliwa tarehe 31 Januari 2022, siku chache baada ya Jenerali Muhoozi Kainerugaba kuonana na Rais Kagame mjini Kigali. Wakubwa ndio waliomaliza jambo hilo, si mawaziri wa Jumuiya.

Kwa mchuuzi mdogo, kilicho karibu zaidi ni cheti rahisi cha asili ya bidhaa. Mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani, ukiwa umezalishwa ndani ya Jumuiya na kuwamo katika orodha iliyokubaliwa, haulipiwi ushuru wa forodha. Cheti hutolewa pale pale mpakani. Wengi bado hupita njia za panya na mizigo ambayo ingepita getini bila ushuru huo.