Fahamu: Mzee Ojwang', Mkikuyu aliyechekesha kwa lafudhi ya Kijaluo

Kuanzia Ikinga, wilayani Ileje, hadi Kisumu, mchekeshaji akitaka kuvunja watu mbavu huiga lafudhi ya jirani. Aliyeifanya mbinu hiyo kuwa kazi ya maisha ni Benson Wanjau, Mzee Ojwang' wa Vitimbi, kichekesho cha televisheni ya taifa ya Kenya, KBC.

Miwani mikubwa, koti lililochoka, na "shida" inayotoka mdomoni ikiwa "sida". Wengi wangeapa kwamba ni mzaliwa wa ufukweni mwa Ziwa Victoria. Kumbe Mkikuyu! Mkewe wa kwenye runinga alikuwa Mama Kayai, yaani Mary Khavere, na kwa maoni yangu ugomvi wao wa nyumbani ndio ulioibeba Vitimbi.

Jina lilikua, mfuko haukukua. Mwaka 2012, macho yalipomsumbua, Wakenya walimchangia fedha za matibabu. Alifariki Nairobi tarehe 12 Julai 2015, akiwa na miaka 78.

Tatizo la jina kubwa na mfuko mtupu liko kwenye mkataba. Msanii akilipwa kwa kipindi tu, marudio hayamwingizii hata senti. Waigizaji wa Marekani waligoma mwaka 1960 wakidai fungu lao filamu zao zinapooneshwa kwenye televisheni. Kwetu Tanzania, mwaka 2018, baada ya malalamiko ya mchekeshaji King Majuto, waziri wa sanaa wa wakati huo, Harrison Mwakyembe, aliunda kamati ya kupitia mikataba ya wasanii. Majuto alifariki Agosti mwaka huohuo.